Michoro ya kale, galaksi au mandhari: ukitaka kustaajabu, uende wapi?

Mara ya kwanza nilipoonyeshwa galaksi ya Andromeda nilidhani kioo cha darubini kina alama ya kidole. Nikakifuta kwa pindo la shati, nikatazama tena. Alama ilikuwa palepale: kijiwingu cha kijivu, kimelala upande, hakina hata chembe ya rangi. Aliyenishikia darubini akacheka. "Ndiyo hiyohiyo," akasema. Mimi kichwani nilikuwa na ile picha ya kwenye kalenda, sinia kubwa la samawati na waridi linalozunguka gizani.

Miaka kadhaa baadaye nilisimama ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, mahali ambapo nilikwisha kupaona kwenye picha mara zisizo na idadi. Nikajikuta nimekaa chini bila kuamua kukaa. Picha zote zile zilikuwa hazijaniambia kitu.

Siku hizo mbili ndizo hunijia kila ninapoulizwa swali hili. Mtu ana likizo moja na nauli moja, na anatamani aone kitu kitakachomwacha mdomo wazi. Aende kwenye michoro ya kale ya mapangoni na miambani? Atafute mahali penye giza la kweli akatazame galaksi? Au aende tu mahali pazuri, akae, atazame? Vyote vitatu tumezoea kuviweka kapu moja la "maajabu". Lakini havimshiki mtu kwa namna moja, na anayechagua kwa kuvutwa na picha mara nyingi huchagua vibaya.

Kipimo changu ni kimoja. Jiulize: jicho langu likifika pale, litaongeza nini juu ya picha niliyokwisha kuiona? Kwa mandhari, jicho huishinda picha kwa mbali. Kwa galaksi, picha hulishinda jicho, tena bila huruma. Kwa michoro ya kale mambo hayako wazi hivyo, na ndiyo maana huko nitakaa zaidi.

Kuna jambo jingine la kubeba kabla hatujaanza. Wanasaikolojia Dacher Keltner na Jonathan Haidt waliandika mwaka 2003 kwamba mshangao wa aina hii una nguzo mbili. Ya kwanza ni kukutana na kitu kinachokuzidi mno, kwa ukubwa wa umbo au kwa namna nyingine yoyote. Ya pili ni akili kulazimika kujipanga upya ili kitu hicho kipate pa kukaa. Nguzo ya pili ndiyo watu huisahau, na ndiyo inayotenganisha vitu hivi vitatu.

Mandhari: hayahitaji maelezo

Mwaka 1540 kikosi cha Wahispania chini ya García López de Cárdenas kilifika ukingoni mwa korongo la Grand Canyon, huko Marekani. Chini kabisa waliona mto mwembamba, na kwenye miteremko wakaona mawe yaliyoonekana kuwa na kimo cha mtu. Watatu kati yao wakajaribu kushuka. Walifika kama theluthi ya njia, wakashindwa, wakarudi juu na habari kwamba mawe yale ni marefu kuliko mnara mkuu wa Sevilla.

Hao walikuwa askari waliovuka jangwa na milima, si watu wa kudanganyika na umbali. Ila jicho la binadamu hupima kwa kulinganisha, na pale hapakuwa na cha kulinganishia: hakuna nyumba wala mtu, na mti ukiwepo hujui ni mdogo au uko mbali. Korongo lile lina kina cha karibu kilomita 1.8, na urefu wake kufuata mto ni kilomita 446. Ukisimama ukingoni, akili inashika kipimo, kinateleza, inashika kingine. Huko kuteleza ndiko kustaajabu kwenyewe, na kamera haiwezi kukupiga picha yake. Picha ina fremu, na chochote chenye fremu kimekwisha kupimwa.

Kinachoongezeka ukiwa pale si macho tu. Upepo unatoka chini kwenda juu. Sauti ya ndege inakujia kutoka chini ya miguu yako. Magoti yanalegea kidogo ukikaribia ukingo, hata kama kuna uzio. Mwili unaelewa kabla kichwa hakijaelewa.

Kwa hiyo mandhari ndiyo mlango mpana kuliko yote. Mtoto wa miaka mitano anaingia, na bibi ambaye hajawahi kufungua kitabu cha jiografia anaingia. Huhitaji kuelezwa kitu ili maporomoko ya maji yakunyamazishe.

Ubaya wake ni kwamba huzoeleka upesi mno. Dakika ya kwanza umeshika kifua. Dakika ya ishirini unatafuta mtandao kwenye simu. Si ukosefu wa adabu. Nguzo ya kwanza umepewa bure, ya pili hujaijenga, basi akili ikishamaliza kuteleza inatulia na kuona korongo. Dawa ninayoijua ni kukaa muda mrefu kuliko unavyotaka. Mahali pamoja kwa siku mbili hushinda mahali pane kwa siku mbili, kwa sababu kinachobadilika pale ni mwanga, na mwanga hauna haraka yako.

Halafu kuna suala la mwezi gani. Watu huchagua mahali wakasahau kuchagua wakati. Maporomoko ya Mosi-oa-Tunya, yanayojulikana pia kama Victoria, yana upana wa mita 1,708 na kimo cha mita 108. Karibu na mwezi wa Aprili maji huwa mengi kiasi kwamba moshi wake unafunika kila kitu: unasikia ngurumo, unalowa hadi soksi, na huoni karibu chochote. Oktoba na Novemba, upande wa Zambia, sehemu kubwa ya ukuta ule hubaki jiwe kavu. Wawili wakitofautiana miezi sita wanarudi na habari za sehemu mbili tofauti, na kila mmoja atakwambia mwenzake hakwenda. Tena kama maji ni mengi na mwezi ni mpevu, moshi ule huchora upinde wa mvua usiku, mweupe mweupe hivi. Anayepanga safari kwa tarehe ya ofisini tu anaukosa.

Galaksi: jicho linapata kidogo

Nianze na onyo. Bila chombo chochote, macho ya kawaida yanaweza kuona galaksi chache mno. Yetu wenyewe, Njia Nyeupe, tunaiona kutoka ndani kama utepe wa ukungu unaokatiza anga. Mawingu mawili ya Magellan, ambayo ni galaksi ndogo za jirani, yanaonekana vizuri kwa walio kusini mwa dunia. Andromeda inaonekana vizuri zaidi kwa walio kaskazini, na hata kwa wengi wa kusini ila chini zaidi. Basi. Kile kishada kidogo kizuri cha Kilimia, ambacho wengi huniuliza kama ni galaksi, ni nyota za jirani tu, za humuhumu ndani ya galaksi yetu.

Zile picha zimetoka wapi basi? Desemba 1995 darubini ya Hubble iliyoko angani ilielekezwa siku kumi mfululizo kwenye kipande cha anga kilichoonekana kitupu. Kikatoka na galaksi zipatazo 3,000. Julai 2022 darubini ya James Webb ilitoa picha yake ya kwanza ya mbali, ya kipande cha anga kinachoweza kufunikwa na punje ya mchanga ukiishika kwa mkono ulionyooshwa. Nacho kina maelfu ya galaksi. Ilikusanya nuru kwa saa 12 na nusu. Jicho lako haliwezi kukusanya nuru hata kwa sekunde moja. Linapokea, linafuta, linapokea tena. Zaidi ya hapo, nuru inayopokewa na James Webb ni ya infraredi, isiyoonekana na binadamu, kwa hiyo rangi zile zimepangwa na wataalamu ili tofauti za nuru hiyo zionekane. Hakuna udanganyifu hapo. Lakini ukinunua darubini ukitarajia kuona vile, utaiuza mwezi wa pili.

Ukiyakubali hayo, kuna raha ya pekee katika kuona kidogo. Toka kwenye taa kabisa. Zima simu, si kupunguza mwanga wake, izime. Subiri dakika 20 hadi 30 macho yazoee giza. Ukilazimika kuwasha taa, iwe nyekundu na hafifu. Kisha tafuta kile kijiwingu, na usikikodolee macho. Tazama pembeni yake kidogo. Katikati ya jicho zimejaa seli za rangi na za kuona vitu vidogo, nazo zinahitaji mwanga mwingi; seli za gizani ziko pembeni. Ukikikodolea, kinafifia. Ukikigeuzia uso kana kwamba hakikuhusu, kinajitokeza, kinatanuka, na unagundua kwamba ulichokiona mwanzoni kilikuwa kiini tu. Andromeda nzima imetanda angani kwa upana wa kama miezi mipevu sita iliyopangwa mstari mmoja.

Na hapo ndipo nguzo ya pili inapoingia, kwa sababu kijiwingu kile bila habari zake ni kijiwingu tu. Mnajimu Mwajemi al-Sufi alikiandika mwaka 964, akakiita wingu dogo. Karibu miaka elfu moja baadaye wataalamu walikuwa bado wanabishana: mawingu yale yako ndani ya Njia Nyeupe, au ni ulimwengu mwingine nje kabisa? Mwaka 1920 mabishano hayo yalifanywa hadharani mjini Washington, kati ya Harlow Shapley na Heber Curtis. Oktoba 1923, kwenye Mlima Wilson huko California, mnajimu Edwin Hubble, yule mwenye jina la ile darubini, alipiga picha ya Andromeda kwenye kioo na kuona nukta aliyodhani ni nyota iliyolipuka ghafla. Akaitia herufi N. Alipoilinganisha na picha za nyuma akaona nyota ile inang'aa na kufifia kwa mpango. Akaikata ile N na kuandika kwa wino juu ya kioo: VAR! Ni kifupi cha neno la Kiingereza "variable", nyota inayobadilika.

Hiyo alama ya mshangao iko pale mpaka leo. Nyota za aina ile zilikuwa tayari na kanuni yake, iliyogunduliwa na Henrietta Leavitt na kuchapishwa 1912: ukijua nyota inachukua siku ngapi kung'aa na kufifia, unajua ukali wake halisi, na ukijua ukali wake halisi unajua umbali wake. Hubble akapiga hesabu. Kijiwingu kilikuwa nje, mbali sana nje. Leo tunajua umbali huo ni miaka ya nuru kama milioni 2.5. Nuru niliyojaribu kuifuta kwa shati ilianza safari wakati mababu wa binadamu wakichonga zana za mawe.

Nilipoyajua hayo nikarudi kutazama. Kijiwingu hakikuwa kimeongezeka ukubwa wala rangi. Lakini safari hii nilikaa nacho nusu saa.

Basi galaksi ni za mtu anayependa kusoma kabla ya kutazama. Kama wewe ni wa "twende tu tukaone", achana nazo. Kama ni wa kusoma, hutahitaji vifaa vikubwa: darubini ya macho mawili, ile ya kutazamia ndege, inatosha kwa mwaka mzima. Kikwazo kikubwa ni taa. Ramani ya dunia iliyotolewa 2016 ilionyesha kwamba zaidi ya theluthi ya binadamu wote wanaishi mahali ambapo Njia Nyeupe haionekani tena.

Na niseme jambo ambalo wapenzi wa nyota hawalipendi. Kwa galaksi, kukaa nyumbani na picha si kushindwa. Picha za Hubble na James Webb zinatolewa bure kwa umma, kwa ukubwa wake kamili. Ifungue moja kwenye skrini kubwa, ikuze, tembea ndani yake kona kwa kona kwa saa moja. Kidoa chekundu unachokipita kinaweza kuwa mabilioni ya nyota. Kufanya hivyo na picha ya Grand Canyon ni kujinyima. Kwa galaksi, ndiyo njia pekee ya kuziona nyingi zilizopo.

Michoro ya kale: kuna mtu pale

Korongo halikujui. Galaksi ndiyo kabisa. Mchoro wa mwambani ni tofauti kwa jambo moja tu, ila ni jambo zito: ulichorwa na mtu ili utazamwe.

Chukua alama ya kiganja. Zipo Ulaya, zipo Indonesia, na kwenye pango la Cueva de las Manos huko Argentina zimejaa ukutani kama umati unaopunga. Mtu aliweka kiganja juu ya jiwe, akapuliza ngeu, yaani udongo wa rangi, kwa mdomo au kwa kijibomba, akaondoa mkono. Rangi ikabaki pande zote isipokuwa pale mkono ulipokuwa. Ukisogea karibu unaona nafasi kati ya kidole na kidole, unaona pale ambapo kidole gumba hakikubana vizuri na rangi ikapenya chini yake. Huko Argentina nyingi ya alama hizo ni za mkono wa kushoto, na sababu inayoelekea kuwa ya kweli ni ya kawaida kabisa: wa kulia ulikuwa umeshika chombo cha kupulizia. Ukijua hilo, mkono wako wa kushoto unainuka wenyewe. Usiguse. Ila utainuka.

Umri wake nao unahitaji kumeng'enywa. Mwaka 2024 watafiti walitangaza kwamba mchoro wa nguruwe na watu watatu kwenye pango la Leang Karampuang, kisiwani Sulawesi, Indonesia, una angalau miaka 51,200. Neno "angalau" limekaa pale kwa sababu. Hawakupima rangi. Walipima madini ya urani ndani ya utando mwembamba wa chokaa ulioota juu ya rangi, na utando hauwezi kuota juu ya kitu ambacho hakijachorwa. Kwa hiyo mchoro ni wa zamani kuliko utando, kwa kiasi gani hakuna ajuaye.

Hapa nguzo ya pili imewahi kuwaangusha hata mabingwa. Mwaka 1879, kaskazini mwa Hispania, Marcelino Sanz de Sautuola alikuwa anachimbua sakafu ya pango la Altamira. Bintiye María, wa miaka minane, hakuwa na cha kuchimba, basi akatazama juu. Dari lilikuwa limejaa nyati wa rangi nyekundu na nyeusi, waliochorwa kwa kufuata matuta ya jiwe hata miili yao ikawa imevimba kwelikweli. Baba akatangaza kwamba ni kazi ya watu wa Enzi ya Mawe. Wataalamu wakubwa wa siku zile wakakataa: nzuri mno, mbichi mno, haiwezi kuwa. Wapo waliodai ni ya kughushi. Sautuola akafa 1888 na doa hilo. Mwaka 1902 mmoja wa waliompinga vikali, Émile Cartailhac, akaandika makala ya kukiri kosa lake. Ningependa kusema haki ilitendeka, lakini aliyestahili kuisoma hakuwepo.

Sasa, taabu ya kuchagua michoro ni kwamba ile mashuhuri kuliko yote haitazamiki. Pango la Lascaux, Ufaransa, liligunduliwa 1940, likafunguliwa kwa watu 1948, likafungwa 1963. Pumzi za wageni na taa zilikuwa zimeotesha ukijani ukutani, na chokaa ikaanza kufunika wanyama. Pango la Chauvet, lililopatikana Desemba 1994 na simba na vifaru wake, halijawahi kufunguliwa kwa umma hata siku moja. Kinachotembelewa ni nakala: ya Chauvet ilifunguliwa 2015, na ya karibuni zaidi ya Lascaux 2016.

Je, nakala inafaa? Kwa umbo, ndiyo, kuliko kitabu chochote. Wachoraji wale walitumia kila kibonge cha ukuta, na kwenye karatasi bapa huwezi kuona kwa nini bega la nyati liko pale lilipo. Lakini kuna kitu nakala haiwezi kukupa, nacho ndicho ulichofuata: uhakika kwamba mkono ulipita hapa, juu ya jiwe hili. Mimi ningeuza nakala kamilifu kwa mchoro halisi uliochakaa. Najua wapo watakaoniambia hawaoni tofauti, na kama wewe ni mmoja wao, nenda Ufaransa kwa raha zako. Wamefanya kazi nzuri sana.

Kwa wasioridhika na nakala, jibu ni miamba iliyo wazi. Kondoa nchini Tanzania, iliyoingia kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006, ina watu warefu wembamba wa rangi ya ngeu walioanza kunakiliwa kwa utaratibu na mwanaakiolojia Mary Leakey mwaka 1951. Tassili n'Ajjer nchini Algeria ina michoro na nakshi zaidi ya 15,000, nyingine za mifugo na wanyama wa majini katikati ya jangwa, kwa sababu zilichorwa Sahara ikiwa ya kijani. Kuna Laas Geel, Somaliland, na ng'ombe wake waliovishwa mapambo shingoni. Kuna milima ya Drakensberg, Afrika Kusini. Hakuna kati ya hizo iliyo pango refu la giza; ni miamba iliyoinama kama kibaraza, na mchoro umekaa kwenye mwanga wa mchana.

Mwanga wa mchana unamaanisha pia kuchakaa. Andaa macho. Mwanzoni utaona jiwe lenye madoa. Kaa kivulini, acha jicho litulie, na baada ya dakika chache mguu mmoja wa pofu, yule swala mkubwa, utajitokeza, kisha mgongo, kisha unagundua kuna mwingine chini yake wa rangi iliyofifia zaidi. Kwa michoro ya rangi, mwanga wa kivulini ndio mzuri; kwa nakshi zilizochongwa, nenda asubuhi au jioni jua likiwa limelala. Na asikudanganye mtu kwamba ukimwagia maji rangi inarudi. Inarudi kwa dakika moja, na mchoro unaumia.

Huku mizani ya picha na jicho inachanganya. Wataalamu wana programu zinazokoleza rangi za picha hadi zinaonekana sura ambazo jicho haliwezi kuziona kabisa. Kwa hiyo kwa uwazi tu, picha inashinda. Lakini hakuna programu itakayokuonyesha mwamba unatazama wapi. Ukimaliza kutazama mwamba, geuka. Bonde lililo mgongoni mwako ndilo alilokuwa nalo mchoraji. Alichagua jiwe hili kati ya mawe yote ya mlima, na huenda bonde lile ndilo sababu.

Ubaya wa michoro? Hatujui inasema nini, na pengo hilo watu hulijaza kwa mawazo yao. Kwenye mlima wa Brandberg nchini Namibia kuna mchoro ulioitwa "Bibi Mweupe". Msomi mashuhuri Henri Breuil alishikilia kwamba ni mwanamke mwenye asili ya pwani za Mediterania. Watafiti wa baadaye wanaona mwanamume, kwenye kazi ya wenyeji wa Afrika, na weupe ule ni rangi ya mwilini. Jina la zamani bado liko kwenye vibao. Macho hayana pazia, lakini yana mazoea.

Sasa chagua

Ukisafiri na watoto wadogo au na watu wa rika mchanganyiko, chukua mandhari na usijitese. Ukiwa na usiku tu, kwa kuwa mchana ni wa kazi, galaksi ndizo zenye saa zako. Asiyeweza kutembea mbali afikirie mara mbili kuhusu miamba ya michoro; mingi ina kipande cha kupanda, na kibao kikisema "karibu" kimeandikwa na mtu mwenye magoti mazima. Kama ni mwepesi wa kuchoka na vitu vizuri, na unajijua, usirudie kosa la kuongeza mandhari juu ya mandhari: nenda kwenye michoro, kwa sababu pale kuna swali, na swali halizoeleki upesi kama uzuri. Walio na huzuni nzito hupenda kuniuliza kuhusu nyota. Mimi huwaambia waanze na viganja.

Nikilazimishwa kutaja kimoja tu, nitasema michoro, halisi, iliyo wazi, mbali na mji. Ujanja wake ni kwamba "mbali na mji" inakuletea viwili vilivyobaki. Mfano mzuri ninaoujua ni Twyfelfontein, kaskazini magharibi mwa Namibia, iliyoingia kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2007. Kuna nakshi zaidi ya 2,000 za twiga, vifaru na mbuni kwenye mawe mekundu, na simba mmoja mwenye vidole vitano kila mguu, hesabu ambayo si ya simba. Huingii bila mwongozaji. Pande zote ni bonde la jangwa ambalo lingetosha kuwa safari peke yake.

Nenda Agosti, karibu na mwezi kuandama, kukiwa kukavu. Jioni kitovu cha Njia Nyeupe kiko juu ya kichwa chako. Lala mapema, uvae nguo nzito maana usiku wa jangwani ni baridi, uamke saa kumi na moja alfajiri. Upande wa kusini Mawingu mawili ya Magellan yatakuwa yamepanda kama moshi uliosahauliwa. Geukia kaskazini, teremsha macho hadi karibu theluthi ya kimo cha anga, na upeleke darubini taratibu. Ukiona alama ya kidole kwenye kioo, usiifute.